Kifua Kikichoma na Presha Ikipanda: Maswali Yenu

Barua nyingi mlizotuandikia zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kiungulia na presha ya damu vina undugu gani? Wengi wenu mnadhani kimoja humzaa mwenzake. Tunavyoona sisi, mara nyingi vinakutana kwenye dawa: ya kutuliza tumbo ikapandisha presha, au ya kushusha presha ikaleta kiungulia. Basi kabla hujasoma, kusanya dawa zako zote, hata zile za kununua dukani bila cheti, uziweke mbele yako.

*Nina mashine ya kupimia presha nyumbani. Kiungulia kikinishika usiku, nikipima napata 158/94. Asubuhi kikiwa kimetulia napata 136/84. Je, kiungulia ndicho kinachonipa presha? Mama wa watatu, Kisauni*

Mama, mwili ukiumwa hutoa adrenalini. Moyo hupiga mbio, mishipa hubana, na namba hupanda. Kukosa usingizi na hofu ya kuitazama mashine saa nane za usiku huongezea. Maumivu yakipoa, namba hushuka zenyewe. Kwamba kiungulia peke yake humpa mtu ugonjwa wa presha, hilo halijathibitika. Kinachojulikana ni kwamba maradhi haya mawili hupenda kukaa nyumba moja kwa sababu yanaingilia milango ile ile: kitambi kinacholisukuma tumbo juu, sigara, pombe, mlo mzito wa usiku, na kukoroma kule ambako mtu hukatika pumzi akiwa usingizini. Mwenzako akikwambia kuwa unakoroma, kisha unanyamaza kama aliyezama, halafu unashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu, mwambie daktari jambo hilo.

Namba ya usiku isikutoe roho, lakini ile 136/84 ya asubuhi nayo iko ukingoni, kwa sababu kipimo cha nyumbani huhesabiwa kuwa juu kuanzia 135/85. Kwa hiyo pima upya kwa utaratibu. Nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye kazi ya kutoa jasho. Nenda msalani kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo chini, miguu usiipishanishe, utulie dakika 5 bila kuzungumza. Mkono uweke juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda uzunguke ngozi tupu, usipite juu ya dera wala buibui. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya chakula, siku 7. Tupa namba za siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani. Huo ndio wa kumpelekea daktari.

Angalia pia ukubwa wa mkanda. Ule unaokuja na mashine nyingi ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Ukipima mkono wako kwa utepe wa fundi cherehani ukapata zaidi ya 32, unahitaji mkanda mkubwa, la sivyo mashine itakupa namba ya juu kuliko ukweli. Watu kadhaa wameongezewa dawa kwa kosa hili tu.

*Tangu nianzishiwe nifedipini ya miligramu 20 asubuhi na jioni, sasa miezi miwili, kila nikilala chakula chanirudi kooni kikiwa kichachu. Zamani sikuwa na tatizo hili. Niiache dawa? Mzee, Likoni*

Usiiache, mzee wetu. Presha iliyoachiwa ghafla hurudi juu, na kiharusi hakibishi hodi. Lakini malalamiko yako yana msingi, na haki yako ni kuelezwa sababu.

Mwisho wa umio, pale unapoingia tumboni, pana msuli wa duara unaojifunga kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Msuli huo hubana kwa kutumia kalsiamu, sawasawa na misuli iliyo kwenye kuta za mishipa ya damu. Nifedipini na ndugu yake amlodipini huizuia kalsiamu isiingie kwenye misuli ya mishipa, ili mishipa ilegee na damu ipite kwa wepesi. Dawa haichagui. Kilango cha tumbo nacho huweza kulegea, na mtu akilala chali baada ya kula, asidi hupanda bila kizuizi. Haiwapati wote wanaozitumia. Ila mtu ambaye hakuwa na kiungulia, kikamwanza wiki chache baada ya kidonge kipya, tarehe zenyewe zinamtolea ushahidi.

Rudi kliniki na pakiti ya dawa mkononi na tarehe hizo kwenye karatasi. Daktari ana njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kundi la dawa, kwa mfano losartani au hidroklorothiazidi, ambazo hazishughuliki na msuli huo kwa njia hii. Uamuzi utategemea figo zako, sukari na potasiamu ya damu, kwa hiyo huenda akataka vipimo. Ya pili ni kukuacha hapo hapo na kukitibu kiungulia. Usidhani amekupuuza akichagua hiyo, maana dawa za kundi la nifedipini huwashusha presha vizuri Waafrika wengi, na daktari hapendi kuiacha dawa inayofanya kazi. Mtajie pia kama unatumia salbutamoli au theofilini kwa pumu, au kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya moyo. Hizo nazo hulegeza kilango hicho hicho.

Wakati unasubiri tarehe ya kliniki, inua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Hata kama ni samadari nzito, tia vipande viwili vya mbao ngumu au matofali mazima chini ya miguu ya kichwani, uhakikishe havitelezi. Mito mitatu haifanyi kazi hiyo: hukukunja kiunoni, tumbo likabanwa, asidi ikasukumwa juu zaidi. Lalia ubavu wa kushoto, kwa kuwa tumbo limejipinda hivi kwamba ukilala upande huo kilango hubaki juu ya asidi. Mlo wa mwisho na kulala viachane saa 3. Biriani ya arusini inayopakuliwa saa nne usiku ina mafuta mengi, na mafuta hulichelewesha tumbo kutoa chakula. Ukila, kula kidogo, ukae macho.

Na kidonge chako ni cha kuachia dawa polepole. Usikivunje wala kukitafuna kwa kudhani kitakuwa laini kwa tumbo. Dawa yote itamwagika kwa mkupuo na presha kuporomoka.

*Mimi kiungulia hukituliza kwa nusu kijiko au kijiko cha chai cha baking soda kwenye maji. Hupoa papo hapo. Jirani aniambia ni sumu kwa mwenye presha. Ni kweli? Muuza mboga, Kongowea*

Jirani yako ametumia neno kali, lakini anajua anachosema. Baking soda ni sodiamu baikaboneti. Huua asidi kweli, ndiyo maana wapata nafuu upesi, ila inakuachia sodiamu mwilini, na sodiamu hushika maji na kuisukuma presha juu. Kijiko kimoja cha chai kina takriban miligramu 1,260 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku nzima, sawa na gramu 5 za chumvi ya mezani. Kijiko chako kimoja kimekula zaidi ya nusu ya fungu, kabla hujaonja achari wala kipande cha ng'onda.

Unga wa povu wa pakiti ni ndugu wa karibu: pakiti ya gramu 5 huweza kuwa na miligramu 850 za sodiamu au karibu na hapo. Hata parasetamoli ya kuyeyuka kwa povu huweza kufika miligramu 400 kwa kidonge kimoja, na mtu akimeza vidonge 8 kwa siku, hesabu yake ni ya kutisha. Magadi mnayotilia maharagwe yalainike nayo ni chumvi ya sodiamu. Tumeona watu wameongezewa dawa ya presha mara mbili, na hakuna aliyewauliza wanakunywa nini usiku.

Kwa kiungulia cha siku moja moja, afadhali dawa ya maji au ya kutafuna yenye aluminiamu na magnesiamu, au ya kalsiamu kaboneti. Tafuna au kunywa baada ya kula na unapolala. Ziachanishe na dawa zako nyingine kwa saa 2, kwani huzishika baadhi ya dawa tumboni zisiingie damuni. Mwenye ugonjwa wa figo asizitumie bila kuuliza. Ukihitaji kitu zaidi ya siku 2 kwa wiki, hapo si jambo la dukani tena, nenda ukapimwe.

Neno moja kuhusu maduka ya viungo: ile mizizi mitamu yenye rangi ya njano ambayo Waarabu huiita irk-sus na Wahindi mulethi husifiwa sana kwa tumbo. Ina kitu kinachoifanya figo ishike chumvi na kupoteza potasiamu. Mwenye presha asiitafune wala kuinywa kwa chai.

*Nina presha, natumia enalaprili na kidonge cha kukojoza. Goti laniuma, nanunua diklofenaki. Tumbo likawa lachoma, nikaongezewa omeprazoli. Sasa presha haishuki. Bibi wa wajukuu tisa, Changamwe*

Bi mkubwa, barua yako ndiyo iliyotupa wasiwasi kuliko zote, na tunakuomba usiilaze. Diklofenaki huondoa maumivu kwa kuzuia vitu fulani ambavyo mwili hutengeneza. Vitu hivyo hivyo ndivyo vinavyolinda ngozi ya ndani ya tumbo, na ndivyo vinavyoisaidia figo kutoa chumvi na maji. Ukivizuia, goti hupoa, tumbo huchubuka, figo hushika chumvi, presha hupanda. Omeprazoli imelifunika tumbo, lakini kwa presha haina msaada. Ibuprofeni ina tabia hiyo hiyo.

Jambo la hatari zaidi ni mchanganyiko wenyewe. Enalaprili, kidonge cha kukojoza na diklofenaki zikikutana kwa mtu mmoja, figo hupungukiwa damu kutoka pande tatu. Joto la kaskazi likimkausha mtu maji, au akiharisha siku mbili, figo zinaweza kusimama. Acha kununua diklofenaki leo. Enalaprili na kidonge cha kukojoza endelea navyo, uende kliniki wiki hii upimwe damu: kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, na potasiamu. Ukiwa unatapika au unaharisha, usingoje wiki, nenda siku hiyo hiyo.

Kwa goti, tumia parasetamoli ya kawaida, ya kumeza si ya povu: miligramu 500, kidonge 1 au 2, usipitishe vidonge 8 kwa saa 24, na isiwe mazoea ya kila siku bila daktari kujua. Diklofenaki ya kupaka huingia damuni kidogo sana kuliko ya kumeza. Muulize daktari baada ya majibu ya figo. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Omeprazoli nayo ina namna yake. Wengi humeza baada ya kula au wakati wa kulala, kisha wakasema haifanyi kazi. Imezwe nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula cha asubuhi, kwa sababu huzifunga pampu za asidi pale zinapoamka kwa ajili ya chakula. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 8. Ukiitumia miezi mingi pamoja na kidonge cha kukojoza, magnesiamu ya damu huweza kushuka, dalili zikiwa kukazwa misuli, kutetemeka, moyo kwenda mrama. Ukitaka kuiacha baada ya muda mrefu, punguza taratibu, maana tumbo hulipiza kwa kumwaga asidi nyingi wiki chache, na mtu akadhani ugonjwa umerudi. Na kama kuna siku utapimwa bakteria wa vidonda vya tumbo kwa pumzi au kwa choo, omeprazoli iachwe wiki 2 kabla, antibiotiki wiki 4, la sivyo kipimo kitasema huna ilhali unao.

*Nakohoa kikohozi kikavu miezi mitatu. Nimeambiwa ni asidi inapanda kooni, nimemeza dawa za tumbo hakuna kitu. Natumia enalaprili. Mwalimu, Tudor*

Mwalimu, asidi huweza kuleta kikohozi, lakini enalaprili, kaptopirili na wenzao huleta kikohozi kikavu cha kuwasha koo kwa baadhi ya watu, na chaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kidonge cha kwanza. Mwambie daktari, mara nyingi hubadilishwa kwa losartani, na kikohozi huisha ndani ya wiki 1 hadi 4, mara chache miezi 3. Kikohozi cha miezi mitatu pia kipimwe kifua kikuu, hata kama dawa yashukiwa.

*Kahawa tungu na muguka, vipi? Kijana, Majengo*

Kafeini hupandisha presha kwa saa chache, zaidi kwa asiyezoea, na kwa watu wengine hulegeza kilango cha tumbo. Kikombe kidogo kimoja au viwili baada ya kula si msiba. Jaribu kuacha wiki 2 na uone kama kifua kimetulia. Ukiona hakuna tofauti, kahawa haikuwa mkosaji. Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ni habari nyingine. Ukiwa shavuni mapigo ya moyo na presha hupanda kwa saa kadhaa, njaa hufa, usingizi hupotea, na kwa kawaida huteremshwa na soda na sigara. Kwa mwenye presha na kiungulia tunasema auache, na hatuna kiasi cha kumpangia.

*Mkwe wangu ana mimba ya miezi minane. Tangu jana alalamika chembe cha moyo chamuuma, twampa maziwa baridi. Kichwa nacho chamuuma. Ni kiungulia cha nywele za mtoto? Mama mkwe, Mtongwe*

Mama, huyu hatukumjibu gazetini, tulimtafuta siku ile ile. Tunaichapa barua yako kwa sababu nyumba nyingi zitafanya kama mlivyofanya ninyi.

Kiungulia ni cha kawaida kwa mja mzito: homoni hulegeza kilango cha tumbo na mtoto husukuma kutoka chini. Nywele hazihusiki. Lakini baada ya wiki 20 za mimba, maumivu ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia huweza kuwa ini linalovimba kwa sababu ya presha ya mimba, ile inayoishia kwenye kifafa cha mimba. Kiungulia huchoma kutoka chini kwenda kooni, huja baada ya kula au kuinama, na hupoa kwa dawa ya asidi. Maumivu ya ini hukaa mahali pamoja, hayajali chakula wala maziwa. Yakifuatana na kichwa kuuma, macho kuona vimulimuli au ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla, au presha ya 140/90 na zaidi, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Apimwe presha na mkojo kuona protini. Presha ya 160/110 ni dharura kamili.

Na mwenye presha akishika mimba akiwa kwenye enalaprili au losartani, amwambie daktari mara moja zibadilishwe, maana humdhuru mtoto. Zipo dawa zinazofaa mimba, kama metildopa, labetaloli na nifedipini.

*Nitajuaje kama kifua kinachochoma ni tumbo au ni moyo? Mwenye presha miaka kumi, Mji wa Kale*

Kwa uhakika, nyumbani huwezi, na hata daktari hawezi kwa kukutazama tu. Anahitaji kipimo cha umeme wa moyo, na damu kupimwa troponini, protini inayovuja moyo ukiumia. Presha ya miaka kumi inakuweka kwenye kundi ambalo moyo ndio hushukiwa kwanza. Maumivu ya kubana au kulemea kama mzigo, yanayokwenda begani, mkononi, tayani au mgongoni, yenye jasho baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi, au yanayokuja ukipanda ngazi na kupoa ukipumzika, yahesabu kuwa ya moyo. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine huhisi uchovu na mbweu tu. Kupata nafuu baada ya dawa ya asidi si ushahidi kwamba moyo uko salama.

Yakizidi dakika 15, toka nyumbani. Usiendeshe gari mwenyewe. Tafuna aspirini ya miligramu 300 kama huna mzio nayo, hutoki damu wala huna choo cheusi. Aliye ng'ambo ya kivuko cha Likoni asiseme atavuka feri kukipungua watu. Aende kituo cha afya kilicho upande wake kikamwanzishie matibabu.

Upande wa tumbo, yapo manne yasiyongoja: chakula kukwama ukimeza, kukonda bila kukusudia, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, na choo cheusi kama lami. Mwenye kutapika damu au choo cheusi aende siku hiyo hiyo. Mwenye kukwama au kukonda apimwe kwa kamera ya tumboni mapema, kwa kuwa saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazowapata Wakenya wengi, na wengi hufika hospitali wakiwa tayari wanakunywa uji tu.